Kiyama cha Katuni na Mama Aliyejua Siri ya Bintiye

Msomaji mpenzi, leo nataka kukiri jambo ambalo mtu wa rika langu, aliyeketi juu ya jamvi la chuo tangu hajang'oa jino la kwanza, huenda akaona haya kulikiri mbele za watu. Kwa muda wa siku tatu, kila baina ya Magharibi na Isha, nimekuwa nikisoma kitabu cha katuni. Tena si kwa kukipitisha macho tu. Nimekisoma kwa kituo, ukurasa baada ya ukurasa, na nilipokifunga nilikaa kimya kitambo nisijue la kusema.

Kisa chenyewe kilianza hivi. Binti yangu wa mwisho, ambaye sasa yuko sekondari, alikuwa na ada ya kuaga mapema usiku kwenda kulala, ilhali mwanga wa simu ulikuwa ukionekana chini ya mlango wake hata saa sita. Nilidhani ni masomo. Asubuhi moja, naye ameshakwenda shule, niliingia chumbani mwake kutafuta chaja, nikainua mto, na chini yake nikakuta kitabu chembamba chenye rangi za kumeta, ncha za kurasa zake zimejikunja kwa kupita mikono mingi. Ndani mlikuwa na picha za watu warukao angani, na ngumi zenye ukubwa wa magari. Nikasema moyoni: Astaghfirullah, kumbe haya ndiyo yanayowakesheza watoto wetu!

Nilikichukua, nia yangu ikiwa ni kuandika makala kali katika ukurasa huu niwaonye wazazi wenzangu. Lakini mwalimu wangu wa chuoni, Mungu amrehemu, alikuwa akitukumbusha kwamba kadhi hatoi hukumu kabla ya kumsikiliza mshitakiwa. Nikaona kwamba kitabu nacho kina haki ya kusikilizwa. Hivyo ndivyo nilivyonaswa.

SHUJAA NI BINTI WA KIISLAMU

Kitabu chenyewe ni juzuu ya nne ya visa vya shujaa aitwaye Ms. Marvel, na jina la juzuu hiyo ni Last Days, yaani Siku za Mwisho. Kampuni ya Marvel ya New York, Marekani, hutoa hadithi zake kwa majarida madogo ya kila mwezi, kisha hukusanya matoleo machache na kuyafunga pamoja kuwa kitabu kimoja. Katika juzuu hii mna matoleo manne, la 16 hadi la 19, yaliyotoka mwaka 2015. Mwishoni mmeongezwa matoleo mawili ya jarida jingine, la yule mtu wa buibui, Spider-Man. Hayo nitayarudia baadaye, maana nina neno nayo.

Shujaa huyu si mzungu mwenye kifua cha chuma kama nilivyotazamia. Ni msichana wa miaka 16, jina lake Kamala Khan, mtoto wa wahamiaji kutoka Pakistan. Baba yake ni Yusuf, mama yake ni Muneeba, na kakake, Aamir, ni kijana mswalihina mwenye ndevu na kofia, ambaye babake humteta kwa kukaa na ibada bila ya kutafuta kazi. Ukisoma mabishano yao mezani, utadhani umekaa barazani Kibokoni wamsikiliza jirani akizozana na mwanawe.

Kamala alitokea mara ya kwanza mwaka 2013, na jarida lake mwenyewe lilianza Februari 2014. Mwandishi wake ni bibi wa Kimarekani, G. Willow Wilson, aliyesilimu katika ujana wake, akaishi Cairo, na kuandika kitabu juu ya safari yake hiyo. Mhariri aliyeshiriki kumbuni shujaa huyu, Sana Amanat, ni Mwislamu mwenye asili ya Pakistan, naye alikulia New Jersey. Mchoraji wa mwanzo ni Adrian Alphona wa Kanada. Juzuu ya kwanza ya visa hivi ilipata tuzo ya Hugo mwaka 2015, na mwaka 2022 Kamala akaingizwa katika mchezo wa televisheni. Basi si kitu kilichookotwa pembeni mwa njia.

Nguvu zake ni za kubadilika umbo. Aweza kurefusha mikono, kuwa mkubwa kama jumba, au kuwa mdogo kama mwanasesere. Vazi lake la ushujaa alilishona kutokana na vazi la kuogelea la kike la Kiislamu, lile lisitirilo mwili mzima. Na siku ya kwanza alipotumia nguvu hizo kumwokoa msichana mwenzake aliyekuwa akizama majini, jambo lililomjia akilini ni mafunzo ya aya ya 32 ya Sura ya Al-Maida, ambayo babake huyataja: kwamba mwenye kuiokoa nafsi moja ni kama aliyewaokoa watu wote. Nakwambia kweli, msomaji, niliposoma hapo nililiweka kitabu pajani, nikavua miwani, nikaifuta.

Mna kisa kingine katika juzuu ya pili, ambacho binti yangu alinisimulia baadaye. Wazazi wake, walipoona atoroka nyumbani usiku, walimpeleka kwa Sheikh Abdullah wa msikiti wao, wakitarajia kwamba atakemewa. Sheikh alimsikiliza. Kisha akamwambia kwa ufupi kwamba akiwa hana budi kulifanya hilo alifanyalo, basi na alifanye kwa sifa zimpasazo mtu mwema, kwa ushujaa, ukweli, huruma na heshima ya nafsi yake. Na kwamba amtafute mwalimu. Ni masheikh wangapi wa namna hiyo tumewaona katika filamu za ng'ambo? Aghalabu sheikh akitokea huko, mkononi ana bomu.

HADITHI NDANI YA HADITHI

Sasa, ili uelewe juzuu hii ya nne, yapasa uelewe kwanza desturi ya biashara hii ya katuni.

Kila shujaa wa kampuni hiyo ana jarida lake, kama vile kila nyumba ilivyo na jiko lake. Lakini wote ni wa mtaa mmoja. Wanajuana, na huweza kubisha hodi kwa mwenziwe. Mara kwa mara wenye kampuni hutangaza hadithi moja kubwa inayowagusa wote. Hapo huwa kama harusi kubwa mtaani: kila nyumba huacha chungu chake cha siku hiyo, ikabeba sufuria kwenda kupika pamoja na wenzake. Mwandishi aliyekuwa katikati ya kisa chake hulazimika kukisimamisha, au kukipinda, ili kiingiane na hicho kikuu.

Desturi hii ina miaka mingi. Mwaka 1984 Marvel walitoa matoleo 12 ya kisa kikuu kiitwacho Secret Wars, Vita vya Siri, kwa kushirikiana na kampuni ya vitu vya kuchezea ya Mattel iliyotaka kuuza sanamu za mashujaa hao. Mahasimu wao wa kibiashara, kampuni ya DC, nao wakaanza mwaka 1985 kutoa kisa chao cha matoleo 12, Crisis on Infinite Earths, ambamo malimwengu mengi yaliangamizwa. Mwaka 2015 Marvel wakalirudia jina lao la kale, Secret Wars, kwa kisa kipya kilichoandikwa na Jonathan Hickman na kuchorwa na Esad Ribić.

Muhtasari wa kisa hicho kikuu ni huu. Malimwengu mengi yamo katika kugongana. Dunia mbili za malimwengu mawili mbalimbali hukutana mahali pamoja, na moja isipoteketezwa, malimwengu yote mawili huteketea. Mwishowe zikasalia mbili tu, nazo zikagongana. Aliyeokoa mabaki ni mtu mwovu mwenye uso wa chuma, Doctor Doom. Alivikusanya vipande vya dunia zilizovunjika, akaviunga kuwa dunia moja ya viraka, kisha akajitangaza kuwa ndiye mungu wake.

Hapo, msomaji, najua umeshatamka la haula. Mimi pia nilitamka. Lakini subiri. Firauni naye alijitangaza hivyo, na habari zake tunazisoma ili tuzingatie, wala hatuzisomi kwa kumsifu. Katika kisa hiki Doom naye, pamoja na enzi yake yote, mwishowe hulazimika kukiri kwa ulimi wake kwamba mwenziwe angeliitengeneza dunia vizuri kuliko yeye. Mungu bandia hubainika kuwa bandia, na kiti chake kikaanguka.

Watu wa pwani hatuna sababu ya kushangazwa na hadithi za namna hii. Sisi ndio tuliokesha tukisikiliza Alfu Lela u Lela, ambamo mlango hufungua mlango, na msimulizi mmoja humkabidhi mwingine. Tendi zetu za maghazi zimejaa mashujaa wapigao pigo moja wakaanguka maadui mia, na watunzi wetu hawakuona haya kutia chumvi ili msikilizaji asisinzie. Hata majina tunachangia. Kuna utenzi mashuhuri wa Mgeni bin Faqihi juu ya Ras al-Ghuli. Na mwaka 1971 wenye kampuni ya DC wakamwundia Batman hasimu mkubwa, wakamwita kwa jina lilo hilo la Kiarabu, maana yake kichwa cha zimwi. Kijana wa leo akilisikia jina hilo hudhani limezaliwa Marekani. Mwambie limekuwako katika tendi za Kiswahili kabla ya Batman kumjua mwenye kuitwa hivyo.

Na katuni zenyewe si ngeni katika magazeti yetu. Mimi nilipokuwa mtoto, mtu mzima akimaliza kusoma Taifa Leo, sisi tuligombania ukurasa wenye Juha Kalulu wa Edward Gitau. Babangu, ambaye hakuwa mtu wa kucheka ovyo, nilimfuma mara nyingi akitabasamu peke yake penye ukurasa huo.

KUTAZAMA KISIWA KUTOKA NG'AMBO

Turudi kwa Kamala. Mji wake ni Jersey City, uliotenganishwa na Manhattan kwa mto Hudson. Anayeishi Likoni ataelewa mara moja. Kule kisiwani ndiko kwenye majumba marefu, benki na wakubwa. Wewe uko ng'ambo, wayaona mataa yake kila usiku, na mara nyingi wakuu wa kisiwani hawajui hata jina la mtaa wako. Mashujaa wakubwa wengi wa hadithi hizi huishi Manhattan. Kamala ni shujaa wa ng'ambo ya maji.

Basi siku moja atazama juu, aona dunia nyingine nzima inaning'inia angani juu ya kisiwa. Watu wanakimbia ovyo. Hakuna ajuaye ni nini. Yeye hayumo katika baraza la wakubwa, hakuna aliyemweleza habari za malimwengu kugongana, wala hakuna aliyemwita vitani.

Hapa ndipo nilipoiona hila njema ya mwandishi. Mwisho wa dunia hakuuchagua yeye. Uliamuliwa na kampuni, ukaandikwa na mwenziwe, na majarida mengi yakapigwa muhuri huohuo wa Last Days, pamoja na yale ya Magneto na Black Widow. Alipewa matoleo manne, na mwishowe dunia iwe imekwisha. Mwandishi mwingine angelimpeleka binti huyu kisiwani akapigane. Huyu amembakisha ng'ambo. Vita vikuu hatuvioni kabisa. Tunaona shule ya sekondari ambamo majirani wamekimbilia, wamelala sakafuni, nao wanangoja.

Kamala hapati nafasi ya kuiokoa dunia. Hata shujaa ampendaye kuliko wote, Captain Marvel, ambaye ndiye aliyekuwa akiitwa Ms. Marvel kabla yake, anapomjia hapo Jersey City hamfichi kwamba jambo hili halizuiliki kwa ngumi zao. Kakake Aamir ametekwa na kijana mmoja mwovu atakaye kumgeuza awe kama yeye. Captain Marvel humsaidia kumtafuta nduguye, kisha huaga na kwenda zake vitani.

Yaliyobakia ni ya nyumbani: kumrejesha kaka kwa mama, kupatana na rafiki waliyekosana, kusikiliza msamaha wa msichana aliyekuwa akimdharau shuleni. Basi. Na dunia inazidi kushuka.

Niliposoma hayo nilikumbuka mafunzo tuliyopokea chuoni kutoka kwa Anas bin Malik, Mungu amwie radhi, ambayo Imam Ahmad ameyanakili: kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alielekeza kuwa mtu akifikiwa na Kiyama ilhali ana mche wa mtende mkononi, basi akiweza kuupanda na aupande. Utotoni sikuyaelewa mafunzo haya. Nilijiuliza, nani atakula tende hizo? Mwalimu hakunijibu, alinitazama tu. Miaka arubaini na kitu baadaye, jibu nimelionea katika kitabu cha picha. Mche huo si kwa ajili ya tende. Ni kwa ajili ya mkono unaoupanda, ukutwe katika kazi njema.

MAMA ALIYEJUA

Sasa nifike penye kiini cha kitabu.

Kamala amekuwa akiificha siri yake tangu juzuu ya kwanza. Nyumbani ajulikana kuwa ni mtoto mtoro, mwenye kudanganya, mwenye kuchelewa. Amekaripiwa, amezuiwa kutoka, amepelekwa kwa sheikh. Sasa, katika usiku unaoonekana kuwa wa mwisho, amwendea mamake, akusanya ushujaa mkubwa kuliko ule wa kupigana na mazimwi, amwambia: mimi ndiye.

Na mama amjibu kwamba anajua.

Hakupiga ukelele wala hakuzimia. Alikuwa amejua. Maneno yake, kwa muhtasari wangu, ni kwamba alichelea mwanawe asije akawa ameharibika, na ikiwa ubaya wake mkubwa ni kutoroka usiku kwenda kuwasaidia wenye shida, basi yeye amshukuru Mungu kwa kumjaalia mtoto mwema. Kisha wakakumbatiana.

Nilipofika hapo, niliinuka nikaenda jikoni. Mamake watoto alikuwa akichagua mchele. Nikamwuliza:

"Mama, wewe ulikuwa ukijua kwamba mtoto huyu asoma katuni usiku?"

Akanijibu pasi na kuinua macho kwenye ungo: "Najua tangu mwezi wa Rajabu."

"Na mbona hukunambia?"

"Ungalimnyang'anya kabla ya kukisoma."

Nilirudi barazani kimyakimya, kama mwanagenzi aliyerudishwa nyuma sura nzima.

Nitakwambia sababu iliyonifanya kisa hiki kinishike pabaya. Mamangu alitaka niwe mwalimu wa chuo kama babake. Nilipokata shauri kwenda bara kutafuta kazi ya kalamu, tuliachana kwa maneno yasiyopendeza. Nilijiambia nitarudi siku ya Idi nimwombe radhi. Idi ya kwanza kazi zikanishika. Kabla ya Idi ya pili nilipigiwa simu saa kumi za alfajiri, nikapanda basi. Nilipofika Mombasa, walikuwa wamekwisha kumzika. Dada yangu mkubwa alinieleza kwamba mamangu alikuwa akiyakata mashairi yangu gazetini na kuyatia ndani ya msahafu wake, na kwamba hakuwa na kinyongo tangu wiki ya kwanza. Alikuwa akijua nilipo na nifanyalo. Ni mimi niliyekuwa sijui kwamba ajua.

Wazee wetu husema kwamba kila afaye, Kiyama chake kimekwisha kusimama. Dunia nyingine haikuning'inia juu ya Mombasa usiku ule. Meli ziliingia bandarini na muadhini akaadhini. Lakini kwangu mimi lilikuwa limeshapita lililopita. Mwana Kupona wa Pate, alipokuwa mgonjwa mwaka 1858, hakungoja. Alimwita bintiye, akamtungia wosia wake, na hata leo tunao. Muneeba wa katuni naye hakungoja. Mimi nilingoja Idi.

AIBU ZA KITABU HIKI

Nisije nikaonekana nimerogwa, na niyataje mapungufu.

Kwanza, juzuu hii haisimami kwa miguu yake yenyewe. Aliyeanzia hapa hatamjua atekaye ni nani wala kwa nini kaka ametekwa. Yapasa awe amesoma juzuu ya tatu. Na akitaka kujua dunia ilikwishaje, hapati humu. Lazima akanunue Secret Wars, ambayo peke yake ni matoleo tisa. Binti yangu, akiisha kusoma ukurasa wa mwisho ambapo Kamala yuko juu ya dari ya shule na rafikiye Bruno na mbingu zinaungana, alibaki ameduwaa kama mtu aliyeshushwa katika matatu kabla ya kituo chake. Hiyo ni biashara, na mzazi mwenye kipato kidogo na aijue kabla ya kutia mkono mfukoni.

Pili, hayo matoleo mawili ya Spider-Man yaliyotiwa mwishoni. Yalitoka mwaka 2014, kabla ya kisa hiki. Basi dunia imekwisha, msomaji machozi yanamlengalenga. Afungua ukurasa wa pili, amkuta Kamala mzima, anacheka na kurusha ngumi pamoja na mtu wa buibui kama kwamba hakuna lililotokea! Tena kisa hicho nacho ni chambo cha hadithi kuu nyingine, iitwayo Spider-Verse. Ni kama kumaliza kusoma hitima, mara wapiga beni wakaingia ukumbini. Kisa chenyewe si kibaya; pahala pake ndipo si pake.

Tatu, mauti ya katuni si mauti. Matoleo ya jarida la Kamala yalikoma kwa la 19, na kabla ya mwaka huohuo wa 2015 kwisha likaanza upya kwa namba moja. Dunia imekwisha mwezi huu, mwezi ule yauzwa tena. Mtoto asiyekuwa na mtu wa kuzungumza naye aweza kuzoea kudhani kwamba kila kilichovunjika huungwa. Hapo ndipo mzazi ana kazi.

Nne, ile dari ya shule. Kijana Bruno amweleza Kamala mapenzi yake, wawili peke yao usiku. Wazee watakunja uso, na nisingalisema wamekosea. Lakini kwa insafu niseme kwamba binti huyo hakuvuka mpaka. Amwambia ukweli kwamba moyo wake anao, bali jukumu alilobeba halimwachii nafasi. Wangapi kati yetu tulikuwa na ulimi wa namna hiyo tulipokuwa na miaka 16?

KUKIRUDISHA KITABU

Jioni ya siku ya tatu nilimwita binti yangu barazani. Alipoona kitabu mkononi mwangu, uso ulimbadilika.

"Baba, nisamehe. Si changu, nimeazimwa na mwenzangu shuleni."

"Keti, mwanangu. Nimekisoma."

Akanitazama kama aliyeambiwa kwamba nimekwea mnazi. "Chote?"

"Chote. Hata penye mtu wa buibui."

"Hapo hapafai," akasema upesi, na kwa mara ya kwanza tukacheka pamoja juu ya kitabu.

Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: "Baba, na wewe ungalijua kwamba usiku huu ndio wa mwisho, ungalifanya nini?"

Ningeweza kumjibu kwa aya na hadithi, nazo zote zingekuwa kweli. Badala yake nilimsimulia habari za nyanyake, na basi la alfajiri, na vipande vya gazeti ndani ya msahafu. Nilikuwa sijamsimulia mtoto yeyote. Mamake alikuja akasimama mlangoni, ungo mkononi, akasikiliza mpaka mwisho. Isha ikaadhiniwa, tukainuka.

Tumeafikiana hivi: taa izimwe saa nne, na kitabu kisomwe mchana, barazani, mbele za watu. Nami nimemtolea utendi wa Mwana Kupona, tuusome pamoja, niwe namfasiria maneno yaliyokuwa magumu. Amekubali, kwa sharti kwamba nami nisome juzuu ya kwanza, maana, asema, nimeingilia hadithi katikati.

Kitabu cha mwenziwe nimekirudisha. Katikati ya kurasa zake, penye mama na binti, nimekiacha kikaratasi chenye ubeti huu, ili kila kitakayemfikia ajue kwamba mzee mmoja wa Mji wa Kale alipita hapo:

Siku ikija ya shari, mbingu zikawa motoni,
Simama uwe tayari, uombe radhi nyumbani,
Mche panda kwa hiari, usingoje walakini,
Mwisho ni wake Kahari, kwetu sisi ni hisani.

Na ile makala kali niliyokuwa nimekusudia kuiandika, msomaji mpenzi, nakuomba radhi. Sikuiandika.